Kikao cha dharura za afya: nimeambiwa nisitaje msitu. Niseme nini?

BintiWaMau

Hamjambo wanajukwaa. Naomba ushauri, na uwe wa kutumika, maana kikao ni wiki ijayo.

Mimi ni Mwogiek, wa jamii ya asili ya msitu wa Mau, nakaa Mau Mashariki, huku juu ya Njoro. Ni mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale waliokabidhiwa mkoba na simu mwaka 2023. Tangu mpox, ile homa ya nyani, ithibitishwe hapa Kenya Julai 2024, mipango ya dharura inaandikwa upya, na safari hii jamii yetu imepewa dakika kumi za kuzungumza. Nimechaguliwa mimi. Nilipopeleka muhtasari, afisa aliyeupokea aliusoma hadi mwisho, kisha kwa upole kabisa akaniambia nibaki kwenye chanjo, maji na uhamasishaji. Mambo ya msitu, akasema, yana kikao chake.

Sina ugomvi naye. Lakini mwaka 2020 redio ilituambia kutwa kucha: kaa nyumbani, nawa mikono, msikaribiane. Ilipofika Julai, majirani zetu wa ng'ambo ya bonde wakabomolewa nyumba. Shangazi yangu akaja na watoto wake, na shemeji yake, na mama mkwe wa huyo shemeji. Tukalala watu kumi na wanne katika vyumba viwili, moto unawaka katikati, mlango umefungwa. Anayeijua Julai ya Mau anaelewa kwa nini hatukuweza kuuacha wazi. Wawili wakaanza kukohoa. Tulipowateremsha kliniki tukagombezwa kwa kutokaa mbalimbali.

Hayo niyaseme vipi bila kukatizwa kwamba nimetoka nje ya mada? Na la pili: mahakama zikipunguza kazi tena, mikutano ikapigwa marufuku, mtu wa msituni ashike wapi?

JogooLaMolo

Pole dada. Lakini ninyi si mlishinda kesi ya ardhi ya Mau dhidi ya serikali, kwenye Mahakama ya Afrika kule Arusha? Wekeni hiyo hukumu mezani mmalize.

MamaFaili

Kushinda walishinda, Jogoo. Hata fidia ilipangwa tarehe 23 Juni 2022: shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara ya nafsi, pamoja na amri ya kuwapa hati za ardhi. Halafu Novemba 2023 Waogiek wa Sasimwani, upande wa Narok, wakaondolewa. Hukumu ikiwekwa mezani hukaa mezani.

Binti yangu, nilikuwa karani wa mahakama mpaka nikastaafu, na sasa ni msaidizi wa kisheria upande wa Cherangany, kwa Wasengwer, jamii nyingine ya msituni. Kwa hiyo nitakujibu kikarani, karatasi kwanza.

Chukua ile hukumu ya 26 Mei 2017 uisome mahali ambapo watu hawapasomi. Wote wanakumbuka kwamba Mahakama ya Afrika ilisema haki zenu za ardhi, dini, utamaduni, maliasili na maendeleo zimevunjwa. Wanasahau ibara ya 4 ya Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, haki ya uhai. Hapo hamkushinda. Mahakama ilikiri kwamba kumwondoa mtu kwenye msitu anaoutegemea kunaharibu maisha yake, ila ikasema haikuonyeshwa kwamba kuondolewa ndiko kulikoleta vifo vilivyotajwa. Baina ya nyumba kubomolewa na mtu kufa, kwenye faili hapakuwa na kitu.

Sasa jiulize ni nani angekiweka hicho kitu. Wakili wa Nairobi hajui nani alikohoa. Daktari humpokea mgonjwa siku za mwisho, akaandika nimonia. Haandiki kwamba juma lililotangulia mgonjwa alilala nje mvuani. Anayeyajua yote mawili ni wewe mwenye mkoba. Ndiyo maana nakuambia usiende pale kuomba ruhusa ya kutaja msitu. Nenda kama mtu wa takwimu. Sema: katika eneo langu kaya zikipoteza nyumba wakati wa mlipuko, nyumba zinazobaki hujaa, na ndani ya nyumba zilizojaa ndimo ugonjwa unamosambaa. Mpango huu unasema nini juu ya hilo? Hiyo ni hoja ya msongamano. Afisa akikukatiza, atakuwa anakatiza maneno aliyoyabandika mwenyewe kwenye mabango.

Halafu omba sentensi, usiombe huruma. Mei 2020, baada ya watu kubomolewa nyumba Kariobangi, Nairobi, huku mvua inanyesha na kafyu iko palepale, waziri wa usalama alitangaza kwamba ubomoaji usimame hadi janga lipite. Wengi tulishukuru. Tarehe 10 Julai nyumba 28 za Wasengwer zikachomwa katika msitu wa Embobut. Mama mmoja aliniuliza, "Ile amri ya televisheni karatasi yake iko wapi, nimwonyeshe nani?" Hakuwa na televisheni, aliisikia kwa redio ya jirani. Amri ya namna hiyo huwezi kumwonyesha mtu aliyeshika kiberiti.

Kwa hiyo sentensi yenyewe iwe ndani ya mpango: siku dharura ya afya inapotangazwa, ofisi ya afya itaandikia kila idara yenye askari au trekta katika eneo hili, kwamba kumwondoa mtu makazini ni hatari kwa afya ya umma, na nakala ibaki kwa chifu na kwa jamii. Usidanganyike kwamba kaunti inaweza kuwaamuru watu wa serikali kuu wanaosimamia misitu. Haiwezi. Lakini barua ya daktari wa kaunti iliyoandikwa kabla ya tukio, jaji hawezi kuipita hivihivi. Ukiweza kuambatisha kifungu cha 152 cha Sheria ya Ardhi, kinachodai notisi ya maandishi ya miezi mitatu na kulinda heshima ya wanaoondolewa, ambatisha. Notisi ya miezi mitatu ndiyo sheria hata siku ambazo hakuna ugonjwa.

La pili lako nitalijibu usiku, sasa nina wageni.

JogooLaMolo

Mama, kwa heshima zote, mimi nakunywa maji ya Mto Molo. Mau ikiisha sote tumekwisha, korona au hakuna korona. Serikali ikisema watu watoke msituni inawaonea nani? Mnataka haki za watu wachache zizidi za mamilioni walio chini ya mlima?

BintiWaMau

Kaka, maji hayo na sisi tunakunywa, tena tunayachota mwanzo. Mzinga hautundikwi kwenye kisiki. Tunataka miti mirefu iliyosimama, maua yake, na nyuki wasiofukuzwa na msumeno. Mwaka 2001 serikali yenyewe ilitenga zaidi ya hekta 60,000 za Mau zigawiwe watu, na wengi waliopewa hawakuwa Waogiek. Jopokazi la 2009 likakuta karibu robo ya msitu imekwenda. Mahakama ya Arusha ililiangalia suala hilohilo unalouliza na ikasema kuhifadhi Mau si sababu ya kutuondoa, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba sisi ndio tulioiharibu. Tukubaliane hapo, halafu turudi kwenye swali langu, tafadhali. Nina dakika kumi tu.

NesiWaNyanda

Shikamoo Mama Faili. Mdogo wangu BintiWaMau, nakuandikia kutoka Tanzania. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi kwenye zahanati za wafugaji Arusha.

Huku kwetu usilichukulie suala la fedha kwa wepesi. Oktoba 2021 ulizinduliwa mpango wa UVIKO-19, yaani korona, mkopo wa shilingi trilioni 1.3, madarasa na vituo vya afya kila wilaya. Mwaka uliofuata, ule mvutano wa kuwahamisha Wamasai wa Ngorongoro ulipopamba moto, fedha za UVIKO zilizokuwa zimepangiwa shule za Ngorongoro zikaagizwa zipelekwe Handeni, huko wanakohamishiwa. Hakuna aliyekuja na rungu. Hapo ni fungu la bajeti lililohama, na mzazi akianza kuona shule haikarabatiwi, huduma zinapungua, anafunga mzigo mwenyewe, halafu inaandikwa kwamba amehama kwa hiari. Kwa hiyo ongeza na hili kwenye dakika zako: fedha za dharura zilizopangiwa eneo zibaki eneo hilo, na mabadiliko yoyote yasomwe kwenye baraza kabla hayajafanyika.

La pili ni onyo. Daftari la wagonjwa si la kubeba kwenye vikao. Majina ya watu na magonjwa yao, hata kwa nia njema, hapana.

DerevaWaDakota

Mtu wa Tanga hapa, naendesha malori Marekani. Nisimulie kidogo, mtanisamehe kama nitaenda mbali.

Mwaka 2020 nilikuwa napita South Dakota kwa barabara ya US 212, inayokatiza ardhi ya Walakota wa Cheyenne River, watu wa asili wa huko. Nikakuta kizuizi. Si polisi wa jimbo. Kijana amevaa barakoa na fulana ya kung'aa, mama mmoja amekaa kwenye pikapu ana ubao wa kuandikia. Natoka wapi, naenda wapi, nitasimama ndani ya eneo? Nikasema napita tu. Akaandika namba za lori, akaniambia nisiteremke mpaka nitoke upande wa pili. Nilikasirika, nakiri, maana nilikuwa nimebanwa na haja na kituo cha mafuta kilikuwa mbele tu.

Baadaye nikasoma. Hospitali yao ya Eagle Butte ilikuwa na vitanda vinane na haina chumba cha wagonjwa mahututi. Wa kuhitaji mashine ya kupumulia ni wa kupelekwa mwendo wa saa tatu. Mei 8 gavana Kristi Noem akawapa saa 48 waondoe vizuizi. Mwenyekiti wao, Harold Frazier, akakataa. Vizuizi vikabaki. Walijitetea kwa mikataba ya kabila lao na serikali ya Marekani, ya karne ya 19. Mimi nilichokiona ni kwamba walihesabu vitanda kwanza, ndipo wakaweka kizuizi. Hata gavana alibishana nao kuhusu barabara, kuhusu vitanda hakuwa na la kubisha.

MamaFaili

Marahaba, nesi. Asante na wewe dereva. Binti yangu, kizuizi usijaribu. Huku utalala ndani. Lakini kuhesabu vitanda kunawezekana kesho asubuhi. Kutoka kijijini kwenu hadi kitanda cha kwanza chenye oksijeni ni kilomita ngapi, na mvua ikinyesha gari linafika wapi? Andika.

Sasa mahakama. Watu wanasema zilifungwa 2020. Kuanzia 16 Machi zilipunguza shughuli, lakini mambo ya dharura yaliendelea kupokelewa, baadaye kwa barua pepe na kwa video. Tatizo la watu wa msituni lilikuwa kwingine kabisa. Ombi huenda na hati ya kiapo. Kiapo kinataka kitambulisho. Kitambulisho kilikuwa ndani ya nyumba, na nyumba imeungua. Nimeona mzee amesimama mbele ya kamishna wa viapo, ana majivu kwenye koti, anaambiwa arudi akiwa na kitambulisho. Arudi nacho kutoka wapi?

Katiba ilishalifikiria hilo, ibara ya 22. Mtu anaweza kufungua kesi ya haki za kimsingi kwa niaba ya mwenzake asiyeweza, au kwa niaba ya kundi. Ada ya kuifungua hakuna. Na ikibidi, mahakama ipokee hata maandishi yasiyo rasmi. Barua ya mkono. Barua! Makarani wachache wanaikumbuka ibara hiyo, na mimi nilipokuwa dirishani nilikuwa nikiwasomea wenzangu mpaka wakanichoka. Kwa hiyo chapisheni ukurasa huo wa Katiba mkae nao, maana atakayewarudisha hatakuwa jaji, atakuwa mtu wa dirishani. Na sasa hivi, kabla ya janga lolote, pigeni picha vitambulisho vya kaya zote, mziweke kwa mtu anayekaa nje ya msitu mnayemwamini. Kwetu anakaa nazo mama wa duka la dawa za mifugo.

Kuhusu kushtaki kama jamii, Brazil walitufungulia macho. Shirikisho la watu wa asili wa kule, APIB, lilikwenda lenyewe Mahakama ya Juu ya nchi, na Julai 2020 Jaji Luís Roberto Barroso akaiamuru serikali iweke vizuizi vya kiafya kuwalinda watu wanaoishi kwa kujitenga, na iandae mpango kwa kuwashirikisha wenyewe. Hawakusubiri mtu wa kuwasemea. Mei ya mwaka huohuo mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa, Francisco Calí Tzay, ambaye mwenyewe ni Mmaya wa Guatemala, alionya kuwa hali za hatari zilizotangazwa kwa ajili ya korona zilikuwa zinazidi kuwaweka watu hawa pembeni. Lakini hilo usilitumie kikaoni, utapoteza dakika. Litaje tu wakikuuliza kama ni tatizo la kwenu peke yenu.

Nimalizie na daftari, kwa sababu nesi ameligusa. Upande wetu kuna mama aliyeandika tangu Julai 2020. Daftari la shule, jalada limepakwa nta ya nyuki lisilowe. Anaandika kwa penseli, kwa kuwa biro hukataa kwenye karatasi yenye unyevu. Safu ya kwanza ni tarehe. Ya pili, nyumba, kwa alama: mti, jiwe, mto, ndege. Ya tatu, watu waliolala humo jana usiku. Ya nne, wanaokohoa au wenye homa. Ya tano, walifika kliniki au la, na kama hawakufika, kwa nini: kafyu, mto umejaa, nauli. Hakuna jina hata moja. Ukifungua kurasa za Julai unaona nyumba ya "mto" imetoka watu watano hadi kumi na sita kwa usiku mmoja, na siku chache baadaye safu ya nne inaanza kujaa. Wakili aliyekuja kuiona hakusema neno, alitoa simu akaanza kupiga picha ukurasa baada ya ukurasa.

BintiWaMau

Mama, nimesoma mara mbili. Nimezungumza na wazee jioni hii na wamenipa swali ambalo sina jibu lake. Wanasema: tukihesabiwa nyumba kwa nyumba, orodha ikaenda ofisini, si ndiyo tutakuwa tumewachorea ramani ya pa kubomoa? Mmoja ameniuliza kama simu niliyopewa inaandika mahali nyumba ilipo. Mwingine anataka pia kliniki iache kuwafokea wanaotumia dawa zetu za miti kabla ya kushuka. Nikamwambia hilo nalo ni haki, Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 linalitaja kwenye ibara ya 24. Akasema Azimio halijawahi kumhudumia dirishani.

MamaFaili

Huyo mzee wa mwisho ningependa kunywa naye chai.

Hofu ya ramani ni ya haki na msiifanyie mzaha. Jibu langu ni madaftari mawili. La kazi, lile la simu, ni la ofisi, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziita habari za afya data nyeti. Omba waandike kwenye mpango kwamba hazitatolewa kwa idara nyingine kwa shughuli isiyo ya matibabu. Wakikataa kuliandika hilo, mtakuwa mmejua jambo muhimu. La pili ni daftari la jamii, la alama, linakaa kwenu na linatoka kwa idhini ya wazee pekee. Ufunguo wa alama, yaani "mti" ni nyumba ya nani, usiandikwe popote. Ukae vichwani mwa watu wawili wasiolala nyumba moja.

Swali la simu muulize aliyekukabidhi, mbele ya watu, kwenye kikao. Ni swali zuri kuliko hotuba.

NesiWaNyanda

Na kuhusu dawa za miti: mwombe mzee akuruhusu useme ni zipi za kifua. Sisi wauguzi tunagombeza kwa sababu hatujui mgonjwa amekunywa nini kabla hatujamchoma sindano. Mkisema, tutaandika. Ukilipeleka kwa njia hiyo, utasikilizwa na kila nesi aliyemo chumbani.

JogooLaMolo

Nimekaa kimya nasoma. Bado nina wasiwasi na msitu, lakini hii ya kulaza watu kumi na wanne katika vyumba viwili wakati wa korona sikuwa nimeifikiria. Waliokuja kutoka huko walishuka kwenye masoko yetu pia. Useme na hilo, kwamba sisi wa chini linatuhusu.

BintiWaMau

Nitalisema, na nitasema limetoka kwa mtu wa Molo. Nimeipanga hivi: kilomita hadi oksijeni, watu kwa chumba kabla na baada, sentensi ya barua, fedha zibaki eneo letu, data isitoke. Dawa za miti nikibakiwa na muda. Neno "msitu" limo mara moja tu, kwenye anwani ya kijiji.

MamaFaili

Vizuri. Peleka nakala tatu zilizochapwa. Mbili waachie, ya tatu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Wakikuambia muhuri hauko, kaa kwenye benchi.

BintiWaMau

Benchi lao nalijua, lina mguu mmoja mfupi. Nitakaa.